Aliyelala Kijijini: Walimu wa Masasi na Kupandwa kwa Kanisa Vijijini

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakufunzi, wanafunzi wa uchungaji, na ninyi wazee mliotoka mitaani kuja kutusikiliza,

Swali langu la leo ni dogo: nani alilala pale? Historia za misheni zinatueleza vizuri sana nani alifika. Zinatupa mwaka msafara ulipoondoka pwani, homa alizougua padre, na kilima aliposimama akasema hapa patajengwa kanisa. Padre huyo mara nyingi aliondoka baada ya siku chache, maana alikuwa na vijiji vingine vya kuzuru. Mimi namtafuta yule aliyebaki msafara ulipokwisha kupotelea njiani. Aliomba kiwanja kwa jumbe, akajenga kibanda cha miti na nyasi, akalima mtama wake, akagombana na jirani kwa ajili ya kuku, na jioni akawaita watoto waje kusoma. Kwangu mimi, huyo ndiye aliyepanda kanisa katika vijiji vya Afrika Mashariki, na mafanikio na aibu za kazi ile huonekana vizuri zaidi ukiwa umekaa barazani kwake.

Nitawapeleka Masasi, kusini mwa Tanzania, kwa sababu pale njia mbili za kupanda kanisa zilijaribiwa katika ardhi ileile, moja baada ya nyingine.

Misheni iliyofika Masasi ni ile ya Vyuo Vikuu, maarufu kwa herufi zake UMCA, iliyoanzishwa Uingereza baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza lilifanyika Magomero, katika Malawi ya leo, mwaka 1861. Askofu Charles Mackenzie alikusanya watumwa waliokombolewa njiani, akawajengea kijiji, akawa mlinzi wao, na punde akajikuta ameshika bunduki katika vita vya Wayao na Wamang'anja. Januari 1862 alikufa kwa homa, dawa zake zikiwa zimezama mtoni pamoja na mtumbwi. Mrithi wake, William Tozer, alifunga virago akahamia Unguja mwaka 1864. Livingstone alimlaumu vikali kwa kukimbilia kisiwani. Mimi simlaumu. Huko Unguja ndiko misheni ilikopata watu ambao baadaye wangeifanya kazi yenyewe: watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza, wakapelekwa Kiungani na Mbweni, wakasomeshwa kwa Kiswahili.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliamua kuwarudisha baadhi yao, wakiwa sasa watu wazima na wake zao, katika nchi walizotekwa. Walikuwa kama 50 hivi. Walishukia Lindi na nia yao ilikuwa kufika mbali, kwa Mataka, mtawala mkuu wa Wayao aliyekaa Mwembe, ng'ambo ya Ruvuma. Hawakufika. Walipofika chini ya milima ya mawe ya Masasi walikuta maji na udongo mzuri, wakachoka kutembea, wakasema hapa panatosha. Nawaomba wanafunzi mlikumbuke hilo mnaposoma mipango ya maandishi ya makao makuu. Mahali pa mojawapo ya majimbo makongwe ya Kianglikana nchini palichaguliwa na wasafiri waliochoka.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza: kijiji cha Wakristo watupu. Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wakifanya vivyo hivyo Bagamoyo tangu 1868, na Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) walikuwa na Freretown karibu na Mombasa. Shamba la misheni, nyumba zilizopangwa kwa mistari, kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya kazi. Usalama ulikuwepo, na kwa mtu aliyewahi kufungwa kongwa shingoni usalama si neno la kupuuza. Lakini kijiji cha namna hiyo kina tatizo lisilotibika kwa sala. Akiiba mtu, nani ahukumu? Mke akikimbia, nani amrudishe? Ardhi ikigombewa, nani aigawe? Padre aliyekuja kuhubiri anageuka jumbe apende asipende, na jumbe mgeni ana majirani wanaomtazama kwa jicho la siasa. Kwa Wamakua na Wayao wa pembeni, Masasi ya misheni ilikuwa utawala mwingine mdogo, wenye watu wa makabila mchanganyiko wasio na ukoo pale.

Septemba 1882 Wangoni, ambao maandishi ya wakati ule yanawaita Magwangwara, waliishambulia. Waliua, walichoma nyumba, walichukua mateka. Baada ya pigo hilo Chauncy Maples, aliyekuwa kiongozi wa kituo, alihamisha kitovu cha kazi kwenda Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao aliyekuwa rafiki wa misheni. Kijiji cha Wakristo watupu, kama wazo, kilikufa pale. Waliobaki wakatawanyika, na ile Masasi ya pili, iliyokuja kudumu, ikaanza kwa mtindo mwingine kabisa.

Mtindo huo ulikuwa rahisi. Badala ya kuwatoa watu vijijini na kuwaweka misheni, walimu walitolewa misheni na kupelekwa kuishi vijijini, chini ya jumbe wa pale, kwa sheria za pale.

Aliyeonyesha jinsi jambo hilo linavyofanyika ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao kwa kuzaliwa, akatekwa utotoni, akaokolewa na kusomeshwa Unguja, kisha akapelekwa chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Alirudi, akaenda kukaa Chitangali kwa jumbe Nakaam, yeye na mkewe Lucy, msichana aliyelelewa Mbweni. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Kwa miaka ya Chitangali Majaliwa alikuwa mbali na Mzungu yeyote kwa muda mrefu, na hapo kanisa lilikua kwa kasi ambayo vituo vyenye mapadre kutoka Uingereza havikuiona. Nakaam mwenyewe akawa Mkristo, akaitwa Barnaba.

Kwa nini Chitangali? Waandishi wa misheni walisifu uchaji wa Majaliwa, na sina sababu ya kuupinga. Lakini kuna jambo la kijijini ambalo wao hawakulisisitiza. Wayao, Wamakua na Wamakonde hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa wajomba zake. Mhubiri anaweza kumshawishi kijana leo, na kijana akaja darasani wiki nzima, lakini mjomba asipokubali, huyo kijana hutamwona tena baada ya mavuno. Mgeni anayepita hamjui mjomba wala hajui kwamba yupo. Anayelala kijijini humjua kwa jina, anajua alikosana na nani msimu uliopita, anajua aende kwake asubuhi au jioni, na anajua asiende mikono mitupu. Kazi kubwa ya mwalimu ilifanyika katika ziara hizo ambazo hakuna aliyeziandikia taarifa.

Naye alikuwa na udhaifu wake. Mtu aliyewahi kuuzwa hakuwa na ukoo wa kumtetea. Baadhi ya wakubwa walimwona kuwa mtumwa aliyevaa kanzu nyeupe. Wengine, kinyume chake, walimwona salama kwa sababu hiyohiyo: hana ndugu wa kuja kudai ardhi. Walimu wa kizazi kilichofuata, waliozaliwa na kubatizwa palepale, waliondokana na mashaka hayo, lakini walipata mengine. Mwalimu aliyeoa msichana wa kijiji alikaa kwa wakwe, na shauri gumu lilipokuja kanisani, mara nyingi lilimhusu shemeji yake.

Shauri gumu kuliko yote lilikuwa la wake wengi. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Katika hali fulani wake zake waliruhusiwa. Maaskofu walirudi majimboni mwao, na mwalimu akabaki na mzee fulani, aliyempa kiwanja cha kanisa, anayekuja kila Jumapili, anayekaa mlangoni kwa kuwa haruhusiwi kuingia ndani zaidi. Mzee akitaka ubatizo, amwache nani? Aliyemzalia watoto sita, au mdogo asiye na pa kurudi? Mwalimu ndiye aliyetakiwa kumweleza. Lambeth ilibadili uamuzi huo mwaka 1988, miaka 100 kamili baadaye, ikaruhusu mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake mradi asioe tena. Kati ya miaka hiyo wazee wangapi walizikwa kama wasikilizaji tu, hilo daftari la kanisa haliwezi kutueleza.

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika. Misheni ya Masasi ilichomwa, wamisionari wakakimbilia Lindi. Kwa Wabenediktini ilikuwa mbaya zaidi: Askofu Cassian Spiss aliuawa Agosti mwaka huo pamoja na mabruda na masista waliokuwa naye safarini. Tuseme wazi kwamba wapiganaji walikuwa na sababu ya kuweka misheni na serikali ya Kijerumani katika kapu moja. Wote walikuwa Wazungu, na watoto waliosoma misheni ndio waliokuwa makarani. Hata hivyo kanisa lilirudi upesi baada ya vita, na lilirudi kwa sababu walimu walikuwa na mashamba pale. Hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Jambo lilo hilo lilijirudia katika Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kiingereza walipowekwa kizuizini na Wajerumani. Mapadre na walimu Waafrika, ambao nao walishukiwa na wengi wao kuteswa, walibeba kazi yote. Wamisionari walipofunguliwa walikuta makanisa yanasali.

Sasa nije kwenye jambo lililoifanya Masasi ijulikane duniani, yaani jando.

Hakuna Mmakua wala Myao aliyekuwa mtu mzima bila kupita jandoni. Kijana asiyetahiriwa hakuoa wala hakusikilizwa barazani. Misheni nyingi za Afrika zilikataza mila hizi zote kwa jumla, zikapata Wakristo wanaokwenda porini kwa siri na kurudi kuungama. Vincent Lucas, aliyefika Masasi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, alichukua njia nyingine. Chini yake kanisa liliendesha jando la Kikristo. Pahali pa kuomba mizimu palisimamishwa msalaba, padre alikaa kambini na vijana, ngariba alifanya kazi yake na dawa ya kidonda ikatoka zahanati, nyimbo na mafundisho yaliyoonekana machafu yakaondolewa, na siku ya kutoka vijana walipelekwa kanisani.

Lucas alipata sifa nyingi kwa hilo. Anastahili sehemu yake. Lakini Mwingereza, hata awe mwema namna gani, hakuzijua nyimbo za jandoni wala hakuweza kuamua ipi iachwe na ipi ibaki. Mashauri hayo yalihitaji mapadre kama Kolumba Msigala, watu waliopita jandoni wenyewe na waliokaa na wazee usiku kucha wakibishana kipengele kwa kipengele. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, alipoichunguza Masasi aliwaweka mapadre hawa katikati ya kisa, na nadhani alisoma sawasawa.

Dalili nzuri ya hoja yangu ni unyago. Kwa wasichana misheni ilijaribu mpango uleule, na haikufanikiwa kama kwa wavulana. Mapadre walikuwa wanaume. Elimu ya unyago ilikuwa mikononi mwa makungwi, na hakuna kungwi aliyekuwa na cheo kanisani. Wake za walimu walifundisha kushona, kusoma na sala, wakawazalisha majirani, wakawalisha wageni wa parishi, lakini mamlaka ya kuamua hawakupewa. Pale ambapo kanisa halikumwamini mtu wa ndani, halikuingia.

Kulikuwa pia na mshindani, na haifai tumtaje kwa kunong'ona. Mwalimu wa Kurani alikuja kwa njia zilezile kutoka Lindi, Mikindani na Kilwa. Mara nyingi alikuwa mfanyabiashara mdogo, alioa pale, alilima pale, alitoa dawa, na jando lake lilikubalika bila mjadala mrefu. Hakumweka mtu darasani kwa miaka kabla ya kumpokea, wala hakumtaka mzee amfukuze mke. Wala hakusubiri askofu. Sehemu kubwa ya nchi ile ikawa ya Kiislamu, na jando la Lucas kwa kiasi fulani lilikuwa jibu kwa hali hiyo. Mimi nimelelewa kanisani, lakini nikiwapima walimu wawili hawa kwa kipimo changu cha nani alilala kijijini, sioni tofauti kubwa kati yao. Tofauti ilikuwa kwa wakubwa waliowatuma, au, kwa yule wa Kurani, kutokuwepo kwa wakubwa hao.

Msidhani Masasi ilikuwa peke yake. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Mboga, katika Kongo ya leo, mwaka 1896. Akapigwa, akafungwa, akarudi tena, akafa huko mwaka 1933. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi na kusomea udaktari Malta, alitibu na kufundisha dini tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi kifo chake mwaka 1956. Atiman aliona wamisionari wakija na kuzikwa vizazi kadhaa, na yeye yuko palepale.

Basi mwalimu huyu wa kijijini alikwenda wapi? Hapa ndipo historia inapotugusa mifukoni.

Shule ya kijijini, ile ya kibanda na ubao mmoja, ilikuwa shule na kanisa kwa pamoja, na mtu mmoja aliendesha vyote viwili. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki kukagua elimu, na baada yake serikali ya Tanganyika ikaanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti. Sharti kuu lilikuwa mwalimu mwenye cheti. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, aliwaambia wamisionari Wakatoliki waliokutana Dar es Salaam kwamba wakishindwa kuendesha vyote, walitunze darasa kwanza na kanisa lisubiri. Ushauri ule ulikuwa na akili kwa wakati wake, na bila huo wengi wetu tusingesoma. Lakini ulimpasua mwalimu katikati. Nusu moja ilipata cheti, mshahara wa ruzuku, nyumba ya bati na uhamisho kila baada ya miaka michache. Nusu nyingine, ile iliyozika wafu, iliyowajua wajomba na iliyobaki, ikawa katekista au mwinjilisti, bila cheti na bila mshahara wa maana. Serikali ilipozichukua shule za misheni baada ya sheria ya elimu ya 1969, kile kibanda kilichokuwa kimeziunganisha nusu hizo kilikwisha kabisa.

Tangu hapo tumejenga sana. Nimezunguka vijijini vya kutosha kuona utaratibu wa siku hizi: timu inatoka mjini na jenereta na vipaza sauti, sinema ya Yesu inaonyeshwa usiku uwanjani, watu wanainua mikono, wanahesabiwa, picha zinatumwa kwa wafadhili, na baada ya miezi mabati yanafika. Sipingi mabati, maana mvua haina dini. Ninachouliza ni kwa nini mfadhili aliye ng'ambo hulipia jengo lenye jina lake ukutani, lakini ni shida kumpata wa kumlipia mwinjilisti atakayelifungulia mlango. Na si wafadhili tu. Chukueni bajeti ya dayosisi yoyote mliyo nayo karibu, mtafute fungu la mwinjilisti wa mtaa, kisha mlilinganishe na fungu la mafuta ya magari ya ofisi.

Wakatoliki walijaribu kujibu swali hili kwa jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya shirikisho lao la AMECEA, walizifanya kuwa kipaumbele mwaka 1976, na palipo na katekista mzuri kigangoni zimefanya kazi. Hata hivyo katekista huyo anaongoza ibada mwaka mzima bila kuruhusiwa kuadhimisha misa, na kigango kinasubiri padre aje na pikipiki barabara ikikauka.

Roland Allen, padre wa Kianglikana aliyemalizia maisha yake Kenya na kufa Nairobi mwaka 1947, aliandika tangu 1912 kwamba kosa ni letu: tunapeleka Injili kijijini na kubaki na funguo mjini. Alitaka mzee anayeheshimiwa na kijiji, anayelima shamba lake mwenyewe, apewe daraja la upadre alipo, bila kumng'oa kwa miaka ya chuo na bila kumgeuza mwajiriwa. Najua mkuu wa chuo hiki hatalipenda wazo hilo, na wanafunzi wa mwaka wa tatu hawatalipenda zaidi. Najua pia hoja ya upande wa pili, ya elimu na nidhamu na walaghai, na siichukulii kwa wepesi. Watu wameuziwa maji ya upako na wahubiri waliojipa madaraja wenyewe. Lakini walaghai hao wengi wao hawalali vijijini. Hupita.

Ninapendekeza basi jambo moja linalowezekana kabla ya mwaka wa fedha ujao: kila dayosisi itaje majina ya wainjilisti na makatekista waliokaa mtaa mmoja miaka 10 au zaidi, wanawake kwa wanaume, na baraza la kanisa liamue hadharani wanapewa nini, iwe daraja, iwe posho, iwe hati ya kiwanja wanachokalia. Hilo la kiwanja nalisisitiza, kwa kuwa wengi wao wanaishi kwenye ardhi ya kanisa, na wakistaafu wanaambiwa wahame.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nimewaona wazee wawili nyuma wakinong'onezana tangu nilipotaja makungwi. Ningependa maswali yaanzie kwao.